Kichwa cha Lavinia na Macho ya Nashu Toader

Zamfira Hutanu hajawahi kumpokea mgeni akiwa amekaa. Tumepakana ua kwa ua tangu nilipoolewa mtaa huu, na nimemwona akisimama kwa padri, kwa msoma mita ya gesi, kwa yule dada wa sensa, na siku moja akasimama hata kwa mbuzi wangu aliyesukuma mlango wa jikoni kwa pembe. Alisimama kwanza, akafuta mikono kwenye aproni, ndipo akaangalia ni nani. Ukimuuliza atakwambia ndivyo alivyolelewa: mgeni akishika kitasa, mwenye nyumba awe ameshasimama, hata kama yuko taabani. Kama ni kufa, afe mgeni akishaondoka.

Kazi yake ni kupika kwenye harusi na matanga. Huku kwetu Moldavia, upande huu wa Romania uliolalia mto Prut, hakuna aliyeoa wala kuzikwa kwa heshima bila kabeji za kukunja za Zamfira. Sufuria zake mtu mzima anaweza kuoga ndani. Na ana hadithi moja anayoipenda kuliko zote, ya siku alipomzaa mwanawe Neculai. Anasema uchungu ulimshika akiwa anagawa chakula mezani kwake, na wageni hawakujua. Akamaliza supu, akamaliza nyama, akawasindikiza wote mpaka getini, ndipo akaenda hospitali kwa miguu. Kila akiisimulia, wageni wanaongezeka. Siku hizi karibu wanafika harusi nzima.

Neculai ndiye mtoto wake wa pekee, na mumewe alishafariki. Huyo Neculai anaendesha gari la mkate, na alipooa akatuletea msichana kutoka Banat, ng'ambo ya pili ya nchi. Lavinia ni mtu mzuri, sina neno naye, ila watu wa kwao hawana haraka. Ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza chumba gani. Zamfira alikuwa anamwona baridi kidogo. "Mkwe wangu si mbaya," aliniambia siku moja uani, "lakini ukiingia chumbani anasimama kama mtu anayefikiria kwanza."

Walikaa miaka bila mtoto. Zamfira akawasha mishumaa kwenye makanisa mpaka ya watu wengine. Mimba ilipoingia hatimaye, tukasherehekea mapema, na mtoto naye akaamua kukaa kitako tumboni badala ya kugeuka kichwa chini. Madaktari wakasema huyu atatoka kwa kisu.

Hapo ndipo Zamfira alipoanza kuchanganyikiwa, na nawaambia hajapona vizuri mpaka leo.

Tulikuwa tumekaa korido ya hospitali, mimi na yeye na Neculai, na mtungi wa supu ya kuku umefungwa taulo. Muuguzi akatoka kutuambia mambo yanakwenda sawa, mama yuko macho na anaongea.

"Anaongea na nani?" Zamfira akauliza.

"Na daktari wa ganzi."

"Wakati wanamkata?"

"Amechomwa sindano ya mgongo, mama. Kuanzia kifuani kushuka hasikii maumivu."

"Na kuanzia hapo kupanda?"

"Kama wewe na mimi."

Zamfira alifikiri. "Sasa hivi anasikia nini?"

"Anasikia anavutwavutwa tu."

"Mimi nilisikia maumivu na hakuna aliyenivuta," akasema Zamfira. "Dunia imegeuzwa juu chini." Akaufunga mtungi wake upya, ingawa haukuwa umefunguka.

Lavinia mwenyewe alinisimulia baadaye. Daktari wa ganzi alikuwa mwanamke mwembamba, anaitwa Mihaescu, sauti yake kama ya kipaza sauti cha stesheni. Alimkalisha ukingoni mwa meza, akamwambia apinde mgongo kama paka mwenye hasira. Sindano ya kwanza ikagonga mfupa. Ya pili ikaingia, na miguu ikaanza kuwa ya moto, halafu ikawa kama ya mtu mwingine. Wakamlaza haraka, wakamwekea shuka lililokunjwa chini ya nyonga ya kulia ili tumbo liinamie kushoto, maana mimba ikikaa katikati inaulalia mshipa mkubwa na presha inashuka. Pamoja na hayo ikashuka. Kichefuchefu kikaja, taa ya juu ikaanza kwenda mbali, Lavinia akasema taratibu, kama kawaida ya kwao, "Daktari, mimi naona naondoka."

"Huendi popote," daktari akamwambia, "una kazi hapa." Akasukuma dawa kwenye mpira wa dripu, na taa ikarudi mahali pake.

Lavinia akatetemeka kama friji kuukuu, wakamfunika blanketi la moto. Pua ikamwasha. Kila kilichokuja, daktari alikuwa ameshamwambia kitakuja, na kila kimoja kilikuwa na dawa yake. "Na baadaye nyumbani?" nilimuuliza. "Hakukwambia chochote?"

"Alisema mengi," Lavinia akanijibu. "Lakini mtoto alikuwa ameshawekwa kifuani kwangu. Ningemsikiliza saa ngapi?"

Basi. Akarudi nyumbani na mtoto wa kiume, mashavu kama andazi. Kwa mila yetu mzazi halali kwa kuugua, analala kwa haki yake. Mama mkwe anapika, anafua nepi, anamletea kila kitu kitandani, na yeye kazi yake ni kunyonyesha tu. Lavinia akalala chali, akinyonyesha analala ubavu, na akienda chooni anakwenda ameinama na kurudi upesi, tukajua ni mshono. Zamfira alifurahi. "Kwa kulala," akaniambia, "watu wa Banat hawana mpinzani."

Jumapili akaja nashu.

Nashu, kwa asiyejua, ni yule mtu aliyesimama nyuma yenu siku ya harusi na atakayembeba mtoto wenu siku ya ubatizo. Hachaguliwi ovyo. Ukoo wa Toader Bejan umekuwa ukibatiza ukoo wa Hutanu tangu enzi za babu zao, na nashu akija nyumbani unasimama, unambusu mkono, unaketi naye mgongo wima mpaka aondoke. Kumkosea nashu si kama kumkosea fundi bomba, kwamba utatafuta mwingine. Hakuna mwingine.

Toader ni mkulima wa zabibu, mwili kama pipa, na ana nyusi moja. Sisemi ana nyusi chache. Ni moja, inaanzia huku inaishia huku. Chini yake kuna macho meupe meupe kama ya samaki aliyechemshwa. Na ana tabia ya kusifia. Akiona ng'ombe wako anasema, "Ng'ombe gani huyu jamani," na mwenye ng'ombe anageuka pembeni anatema mate kidogo, maana huku kwetu jicho linalopenda sana linaweza kuangusha kitu bila kukusudia. Watu wamemtania Toader kwa macho yake tangu shuleni, naye anacheka.

Akaingia yeye na mkewe Profira, na mkate mtamu mkubwa kama mto wa kulalia. Zamfira alikuwa ameshasimama. Lavinia naye akainuka kitandani, akashika mshono, akambusu nashu mkono, akakaa kwenye kiti. Toader akamtazama, akamtazama mtoto.

"Mtoto gani huyu jamani," akasema.

Hawajamaliza hata bilauri ya kwanza, Lavinia akawa mweupe. Akashika kisogo. Akasema taa inamuumiza, masikio yamejaa kama yuko ndani ya pipa, na kichwa kinavutwa kutoka ndani kwenda chini. Kisha akatapika kwenye beseni la mtoto. Profira akamkonyeza mumewe, wakaaga. Lavinia akajilaza, na gari la nashu halijafika hata kona, kichwa kikatulia.

Zamfira akasema ni upepo wa dirishani. Akaziba madirisha yote kwa taulo.

Toader akarudi katikati ya wiki kuuliza hali, kwa upendo tu, na mshumaa wa ubatizo mkononi aulize kama urefu unafaa. Lavinia akasimama, akabusu mkono, akakaa. Madirisha yamezibwa, hakuna hata hewa ya kupumua, na kichwa kikaja vilevile. Toader akaondoka, na kichwa kikaondoka.

Jioni hiyo Zamfira akaniita uani.

"Jirani," akasema, "unafikiri ninachofikiri?"

"Sitaki kufikiri hicho."

"Hata mimi sitaki. Lakini kinakuja naye na kuondoka naye."

"Muulize mwenyewe Lavinia."

"Nimemuuliza. Anasema akilala kinapungua. Nani kichwa chake hakipungui akilala? Hata mimi nikilala najisikia vizuri."

Akafanya jaribio. Toader alipokuja tena akamzuia jikoni, eti mzazi amelala. Alikuwa amelala kweli, macho makavu, anasikiliza kila neno. Toader akanywa kahawa, akasifia jiko, akaondoka. Zamfira akakimbia chumbani.

"Kichwa?"

"Hakuna, mama."

"Umeona," akasema Zamfira, na akakaa kitandani kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Hajamwona, hajaumwa. Ushahidi gani tena unataka?

Sasa oneni alikofikia. Huku, nashu, ukoo wa vizazi, asiyekataliwa. Huku, mkwe anayezidi kukonda, maana sasa hata shingo ilikuwa imekaza na chakula hakipiti. Na mama yake Lavinia kapiga simu kutoka Banat, sauti tulivu kama kawaida yao: kama kwenu hamjui anaumwa nini, nakuja na gari namchukua yeye na mtoto. Zamfira alimjibu vizuri, akaweka simu, akaenda kukaa na sufuria zake. Ama ampoteze nashu, ama ampoteze mjukuu. Nilimkuta anasugua sufuria iliyokuwa safi.

"Ukimfungia nashu mlango," nikamwambia, "nani atambatiza?"

"Sijui."

"Na asipobatizwa?"

"Usiniulize vitu ninavyovijua, jirani."

Akafanya lile baya la katikati, asimfungie wala asimpokee. Akafunga uzi mwekundu wa kuzuia jicho kwenye kitasa, akaweka mkasi wazi chini ya mto, na Toader alipofika akampa kahawa akiwa amesimama kati yake na mlango wa chumba, mikono imetanuliwa kidogo kama golikipa. Toader si mjinga. Akautazama uzi. Akautazama mlango. Akaweka kikombe chini akiwa hajanywa, akavaa kofia.

"Zamfira," akasema, "kwa hiyo na wewe?"

Mtu akaondoka. Wiki hiyo hakuonekana mtaani, wala kanisani.

Lavinia kichwa kikabaki. Hapo ndipo walipomleta Bibi Anghelina, anayezima makaa ya moto kwenye maji kwa ajili ya jicho. Nilikuwepo, sikuwa radhi kusimuliwa. Anghelina akamwambia, "Lala chali, mwanangu, usitikisike," akatumbukiza kaa moja baada ya jingine, akinong'ona. Makaa yakazama yote. Jicho, akasema Anghelina, na ni zito. Akampaka Lavinia maji kwenye paji la uso.

"Unajisikiaje?"

"Vizuri," akasema Lavinia. Na ni kweli, alikuwa vizuri kabisa, amelala chali tangu asubuhi.

Zamfira akalia kwa furaha. Anghelina akakusanya vyombo vyake, na Lavinia, mkwe mwema wa nyumba ya Zamfira, akainuka kumshukuru bibi wa watu na kumsindikiza hadi mlangoni. Wakaongea pale mlangoni, maana Anghelina akianza kuaga anaanza na habari za ujana wake. Katikati ya ujana huo Lavinia akashika ukuta, akateleza nao mpaka chini.

Zamfira akamtazama Anghelina machoni, polepole.

"Usinitazame hivyo," akasema Anghelina. "Mimi ndiye ninayeliondoa jicho."

"Nani kasema kitu?"

"Umenitazama."

"Naruhusiwa kutazama nyumbani kwangu."

Bibi akaondoka na makaa yake, na hakutusalimia tena mpaka mwaka uliofuata. Kesho yake nikapeleka supu. Lavinia akaniona mlangoni, akainuka kunipokea, nikamwambia kaa, akasema aa-aa, mama hapendi. Tukazungumza kidogo. Akaanza kuwa mweupe. Na Zamfira, aliyekuwa anakunja nepi, akageuka akanitazama mimi.

Miaka yote hiyo ya ua kwa ua.

"Zamfira," nikasema, "mimi nimekulishia kuku wako ukiwa harusini. Mimi na macho mabaya wapi na wapi?"

"Sijasema."

"Hujasema, ila umepiga hesabu."

"Jirani, mimi sijui tena," akasema, na kweli uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeteremka kituo kisicho chake. "Toader, sawa. Anghelina, haya. Wewe una macho ya kawaida, samahani, hayana lolote. Sasa mtaa mzima umekuwaje?"

Nilikasirika, sitaficha. Nikamwambia Neculai ampigie daktari wa hospitali, yule wa sindano, kwa sababu kama lawama zinagawanywa nyumba hadi nyumba, basi zifike na hospitali. Neculai akapiga. Kusubiri kukawa kurefu, na Zamfira akamnyang'anya simu mwanawe kwa sababu mambo ya nyumba anayajua yeye. Akaiweka sauti ya juu ili tusikie wote.

"Nani anaumwa, mama?" Ile sauti ya stesheni.

"Mkwe wangu, daktari. Kichwa. Kwenye kisogo na shingo."

"Kinakuja akikaa au akisimama?"

"Hapana," akasema Zamfira, ameudhika kidogo kwa kutoeleweka. "Kinakuja wakija wageni."

Upande wa pili kalamu ikawekwa mezani.

"Wageni," daktari akasema.

"Wageni. Wakiondoka, kinaondoka. Mwanzo tulidhani ni nashu peke yake, lakini sasa ni kila mtu."

"Na wakija wageni, mkweo anafanya nini?"

"Anasimama, daktari. Ni mtu mwenye adabu. Ulitaka afanye nini?"

"Na wakiondoka?"

"Analala. Ni mzazi."

Tukamsikia daktari anavuta pumzi. "Mama, tafadhali mlete leo. Akiwa amelala."

Neculai akatoa trei za mkate kwenye gari, tukatandika godoro, Lavinia akalazwa mle ndani na mtoto mikononi mwa Zamfira. Alifika hospitali ananukia mkate wa asubuhi. Daktari Mihaescu alipima presha kwanza, akapima homa, akamwambia asukume miguu, akamuuliza kama anaona vizuri. Si kila kichwa cha mzazi ni cha sindano, akasema, kuna vingine vya presha na vya damu vinaua, lazima kwanza nihakikishe si vyenyewe. Kisha akamkalisha. Haukupita muda, rangi ya uso wa Lavinia ikaanza kupotea. Akamlaza. Rangi ikarudi. Akarudia tena, na Zamfira akawa anatazama kama mtu anayeona mchezo wa karata na anatafuta karata ilikofichwa.

"Lakini hakuna mgeni hapa," akasema.

"Hakuna," daktari akakubali. Akamvutia kiti. "Uti wa mgongo uko ndani ya mfuko wa maji, mama, na maji hayohayo ndiyo yanayoushikilia ubongo juu. Mimi nilitoboa huo mfuko ili dawa ifike. Tunatumia sindano nyembamba sana, ncha yake kama ya penseli, inasukuma nyuzi pembeni badala ya kuzikata, ili tobo lijifunge lenyewe. Wengi linajifunga. Yeye niliingia mara mbili, na limebaki linavuja. Akisimama, maji yanashuka, ubongo unavutwa. Akilala, yanarudi."

Zamfira akatulia. "Kama pipa la mvinyo lililo na tobo chini."

"Kama pipa."

"Ukililaza, halivuji sana."

"Ndiyo."

"Sasa pipa unaliziba kwa nta. Yeye utamziba kwa nini?"

"Kwa damu yake. Natoa mkononi, nachoma mgongoni palepale nje ya mfuko, inaganda, inaziba kama kiraka. Ningeanza na dawa za maumivu na maji na kahawa, lakini amechelewa na anakonda."

"Damu ya mkono inajuaje kwenda kuziba mgongo?"

"Haijui. Naipeleka mimi."

Zamfira akanigeukia mimi nimsaidie, na mimi nilikuwa natazama ukutani. Nilikuwa nimeelewa mpaka kwenye penseli.

Lavinia akakubali. Tulitoka nje. Tuliporuhusiwa kuingia alikuwa amelala chali, na daktari akasema asubiri hivyo kidogo. Baadaye akaambiwa akae. Akakaa. Zamfira alisimama mbele yake na mtoto. Lavinia alingoja maumivu yaje kama mtu anayengoja mtu asiyempenda. Akageuza shingo huku. Akageuza kule. Akateremsha miguu, akasimama, akatazama dirishani.

"Mama," akasema, "ile supu ya jirani ilibaki?"

Supu ilikuwa imeshakwisha, aliimaliza Neculai. Zamfira alimpiga mwanawe begani kwa hilo, akiwa analia.

"Asinyanyue kitu kizito," daktari akasema mlangoni, "na kama kikirudi, mnirudishe. Na wageni waje, lakini awapokee amelala."

"Daktari," akasema Zamfira kwa upole, "wewe una mama mkwe?"

"Ninaye."

"Na unampokea umelala?"

Daktari akafikiri kwa uaminifu. "Waambieni mimi ndiye niliyesema," akasema.

Basi kichwa kikaisha. Kikabaki kile kingine. Arobaini ilikuwa inakaribia, padri anauliza tarehe ya ubatizo, na nashu hajakanyaga kwetu tangu siku ya uzi. Zamfira akavaa koti la kanisani akaniambia twende, kwa sababu akienda peke yake atarudia getini.

Profira alitufungulia. Hakutukaribisha wala hakutufukuza. "Yuko chini kwenye mapipa," akasema. "Ndiko anakoishi siku hizi."

Toader alikuwa amekaa juu ya kreti, kwenye ghala la mvinyo chini ya nyumba, amevaa miwani nyeusi ya kuchomelea vyuma. Alisikia hatua zetu akageuza uso kwenye ukuta.

"Msije mbele yangu," akasema.

"Toader, ni mimi, Zamfira."

"Ndiyo maana nasema msije."

Kumbe bwana yule hakuwa amenuna. Alikuwa ameamini. Alipoona uzi kwenye mlango wa nyumba aliyoipenda kuliko zote, alirudi akakaa akajumlisha kila ng'ombe aliyemsifia maishani. Jirani yake akafiwa na ndama wiki hiyohiyo, na Toader alikuwa amepita pale. Alikuwa haangalii zabibu zake. Profira alisema hata yeye alikuwa anaongeleshwa kwa kisogo.

Zamfira akamweleza yote: mfuko, maji, tobo, penseli, damu ya mkono. Aliieleza vibaya, alichanganya tobo na damu, mimi nikamsahihisha nikaiharibu zaidi. Toader alisikiliza.

"Kwa hiyo ni sindano," akasema.

"Ni sindano."

"Si mimi."

"Si wewe, nashu."

"Daktari kasema hivyo? Kasema, si Toader Bejan?"

"Daktari hakujui, Toader."

"Sasa anajuaje si mimi?"

Nilimwona Zamfira anatafuta jibu kwenye mapipa, kwenye dari, kwenye viatu vyake. Kwa kweli hata mimi nilishindwa.

"Sijui," akasema mwishoni. "Mimi tangu wamkate mkwe wangu akiwa anaongea, sijui chochote. Ninachojua, nilisimama kati yako na mlango, nilikosea, na mtoto hana wa kumbeba. Njoo."

Toader akarekebisha miwani yake. "Nitakuja," akasema. "Lakini simtazami."

Na akaja. Kanisa lilijaa, maana habari za macho ya Toader zilikuwa zimefika mpaka kijiji cha pili, na watu walivaa kama wanakwenda kwenye pambano. Alimbeba mtoto, akamkataa Shetani kwa sauti, akasema kanuni ya imani yote bila kukosea, macho amefumba mpaka nyusi ile moja imekutana na mashavu. Wageni wakadhani ni uchaji. Padri alipomnyooshea mikono ampe mtoto wa kuzamisha majini, Toader akamnyoosha mtoto kuelekea kwa mwanakwaya, aliyempokea kwa mshangao na kumpitisha.

Aliporudishiwa, mtoto amelowa na amekasirika, amefungwa taulo, Toader akasimama vilevile kipofu. Lavinia alikuwa pembeni yake. Alikuwa amesimama tangu mwanzo wa ibada, na hakuna aliyekuwa amekumbuka kulishangaa hilo. Akamgusa kiwiko.

"Nashu," akasema, bila haraka, "mwangalie. Kabebwa na wewe halafu hujui hata anafanana na nani."

"Mwanangu, nisije nikasema kitu."

"Sema."

Toader akafumbua jicho moja. Kisha la pili. Wakatazamana, yeye na yule mtoto aliyelowa. Zamfira alikuwa amenishika mkono, kucha zimezama.

"Mtoto gani huyu jamani," akasema Toader, kwa sauti ya chini sana.

Tukamtazama Lavinia sote. Alikuwa wima, rangi yake nzuri, anamrekebishia mtoto taulo.

"Sema tena, nashu," akasema. "Wa nyuma hawakusikia."